Sultani Aliyedaiwa Ada

Hapo zamani, enzi ambazo masultani walikuwa wengi na wenye haya miongoni mwao wachache, palikuwa na Sultani wa mji wa Tambarani, jina lake Mwinyikombo. Alikuwa na majumba, alikuwa na mashamba, alikuwa na farasi waliokula vizuri kuliko raia zake. Siku moja akasikia kwamba sultani jirani amejenga chuo, na wageni wanamsifu kwa hilo. Basi wivu ukamshika, ikawa halali wala hali. Akajenga chuo kikubwa kuliko kile, akaleta walimu wa hesabu, wa sheria, wa nyota na wa utabibu, kisha akapeleka nyaraka kwa wafalme wa kila upande: "Sisi wa Tambarani hatuuzi elimu. Elimu ni nuru ya Mungu, na nuru haiuzwi. Mlango wetu u wazi kwa kila mtoto, wa kike na wa kiume, wa tajiri na wa fakiri."

Wafalme wakamsifu mno. Lakini mlango ule uliokuwa wazi ulikuwa na bawabu, na bawabu alikuwa na neno moja tu kinywani: "Ada!" Ada yenyewe ilikuwa reale mia. Fakiri akiuza kibanda, mbuzi na kitanda alicholalia asingefika hata robo yake. Ikawa waliomo chuoni ni watoto wa matajiri peke yao, waliosinzia darasani asubuhi hadi mchana na kuamka harufu ya pilau ilipowafikia. Na Sultani akipita na wageni wake huwaonyesha na kusema, "Tazameni, nuru hiyo!"

Katika mji huo alikuwako mtu mmoja, Pandu, ambaye watu walimwita Kanzumoja, kwa kuwa kanzu aliyokuwa nayo ni moja, na siku ya kuifua hushinda ndani. Kazi ya kudumu hakuwa nayo. Mdomo alikuwa nao. Wengine walimwona mjinga, kwa sababu kila neno alilishika kama lilivyosemwa. Aliwahi kukaribishwa na bahili mmoja kwa maneno ya mdomoni tu, "Karibu, hapa ni kwako," naye akakaa siku tatu, ya nne akamwuliza mwenye nyumba anahama lini.

Kanzumoja aliishi na mama yake mzee na mpwa wake, Mize, binti wa dada yake marehemu, ambaye baba yake pia alikwisha kufariki. Mize alikuwa na akili kama wembe. Watoto wa mtaani wakiugua waliletwa kwake, naye akawatibu kwa majani aliyofundishwa na bibi yake, na maradhi yaliyomshinda yalimliza. Alitaka kitu kimoja duniani, kusoma utabibu. Lakini mlango wa chuo ulipokea wanafunzi wapya Siku ya Mwaka peke yake, na nyumbani njaa ilikuwa imepiga hodi. Tajiri Tawakali, jirani yao, alikwisha kumtaka binti huyo awe mtumishi wake, na bibi, kwa uchungu, alikwisha kukubali: Siku ya Mwaka ikipita Mize hajaingia chuoni, ataingia jikoni kwa Tawakali.

Basi Kanzumoja akaenda kwa Waziri Shebe, ambaye ndiye aliyekuwa msimamizi wa chuo. Waziri alikuwa mtu mnene wa maneno laini, aliyeweza kukunyima kitu nawe ukatoka unamshukuru.

"Ndugu yangu," akasema Waziri, "usikate tamaa. Sultani wetu ni mwenye huruma, amefungua njia nyingi. Mwenye nacho hulipa. Asiye nacho hukopa. Asiyekopesheka humsifu Sultani, na amsifuye vyema kuliko wote hupewa ufadhili."

Kanzumoja akaanza na kukopa. Akaenda kwa huyo huyo Tawakali, maana hapakuwa na mkopeshaji mwingine. Tawakali akasema, "Nitamlipia binti kwa moyo mkunjufu. Akihitimu atanitumikia mpaka deni liishe. Ila chakula atakachokula akinitumikia, hicho nacho atakilipa kwa kunitumikia."

"Na akiacha kula?" akauliza Kanzumoja.

"Atakufa, na deni utalirithi wewe."

Kanzumoja akatoka bila ya kuaga. Ijumaa akaenda barazani kusifu. Mpwa wa Waziri, kijana ambaye baba yake alikuwa na mashamba ya minazi yasiyohesabika, alikuwa amekwisha kumfananisha Sultani na jua, mwezi na simba. Zamu ya Kanzumoja ilipofika akainua mikono, akasema kwa sauti, "Nani asiyeujua mkono wa Sultani wetu? Ni mkono wa birika, tena birika la fedha!"

Sultani alisikia fedha, akatabasamu. Watu nyuma wakaanza kukohoa, na vicheko vikawatoka puani, kwa kuwa hakuna mtoto wa Tambarani asiyejua kwamba mkono wa birika ni mtu bahili. Waziri akamnong'oneza Sultani, na tabasamu likafutika. Kanzumoja akatolewa kwa mateke, na ufadhili wa mafakiri akapewa yule mwana wa mwenye minazi.

Akarudi nyumbani, akamkuta Mize anakunja nguo zake kuziweka katika kikapu, tayari kwa safari ya jikoni. Alizikunja moja moja, na kule kukunja kukamchoma mjomba wake kuliko mateke ya walinzi. Kanzumoja akaona haya. Maisha yake yote aliwachekesha watu, na sasa hakuwa na hata kichekesho kimoja cha kumfaa mtoto huyu.

Mama yake, aliyekuwa akisuka ukili pembeni, akasonya. "Ada, ada! Ada gani hiyo? Alipokuja mtu kumchukua dada yako kutoka nyumba hii, alitoa yeye kwanza. Alitoa kilemba cha baba yako, akatoa mkaja, mshipi wa tumbo langu mimi niliyemzaa, ndipo akapewa mtu. Huyu Sultani achukue mtoto wa watu, kisha ada adai yeye! Dunia imepinduka."

Kanzumoja akamtazama mama yake. Akaanza kucheka, akacheka hata akakaa chini, na Mize akadhani mjomba wake amerukwa na akili.

Ilipofika Siku ya Mwaka, Sultani Mwinyikombo alikaa mbele ya chuo chake amevaa kilemba cha hariri na mahazamu yenye nyuzi za dhahabu. Kulia kwake walikaa wajumbe wa wafalme waliokuja kuiona nuru ya Tambarani. Kushoto alikaa Kadhi Mzamilu, mzee aliyeheshimiwa kwa kuwa hakuwahi kusema uongo. Kanzumoja akaja amemshika Mize mkono, akapiga magoti.

"Umeleta ada?" akauliza Sultani.

"Ewe Bwana wetu, nimeleta mtoto. Lakini mimi ni mjinga, na kabla ya ada nina swali. Elimu chuoni kwako yauzwa bei gani?"

Wajumbe wakageuza shingo. Sultani akakasirika. "Hatuuzi elimu! Sijaandika nikawapelekea wafalme wote? Hapa hakuna bei."

"Kwa hiyo zile reale mia si bei?"

"Si bei. Ni ada."

"Na ada hiyo haipunguzwi, wala haisamehewi, wala haingoji kesho?"

"Ada ni ada," akasema Sultani kwa fahari, akiwatupia wajumbe jicho. "Hata ningedaiwa mimi, ningeitoa papo hapo."

"Mungu akuweke. Na mtoto huyu akiingia humu, ataingia nyumba ya nani?"

"Nyumba yangu. Atakula kwangu, atalala kwangu, atakuwa mikononi mwangu."

Kanzumoja akamgeukia Kadhi. "Shehe wetu, wewe wazijua sheria na mila. Mtu akimchukua binti wa watu kutoka kwao, akamtia nyumbani mwake, mtoaji wa ada ni nani?"

Kadhi akakohoa. Akamtazama Sultani, akatazama miguu yake, akakohoa tena. Uongo ukamkataa. "Ni mchukuaji," akasema.

"Umepata kusikia, tangu Tambarani iwe Tambarani, wenye binti wakamtoa binti kisha wakatoa na ada?"

"Sijapata."

Basi Kanzumoja akanyoosha kiganja. "Ewe Bwana wetu, sikuja kutoa, nimekuja kupokea. Kilemba changu mimi mjomba mtu, na mkaja wa bibi yake aliyemlea."

Waziri Shebe akaruka kutoka kitini. "Mpumbavu wewe! Hiyo ni ada ya arusi! Hii ni ada ya chuo!"

"Tofauti yake nini, Mheshimiwa Waziri?"

"Hii ni fedha atoayo mtu ili apewe kitu!"

"Kwetu sisi wajinga," akasema Kanzumoja, "fedha atoayo mtu ili apewe kitu huitwa bei. Semeni basi kwamba ni bei, nasi tutaondoka kimya, na wageni hawa watakwenda kuwaeleza wafalme zao kwamba Tambarani nuru ya Mungu hupimwa kwa kibaba kama mchele."

Mjumbe mmoja akaficha mdomo kwa kitambaa, mabega yakimcheza. Sultani akageuka huku na huku kama mtu aliyekalia siafu. Akisema bei, amejiumbua mbele ya wafalme. Akisema ada, anadaiwa. Mwisho akasema kwa sauti ndogo, "Vema. Rudi kesho kwa mtunza hazina."

"Bawabu wako hajui kesho, Bwana wetu. Wala mimi sikuomba fedha. Kilemba ni kilemba."

Basi Sultani Mwinyikombo, mbele ya wajumbe, walimu na wauza kahawa, akakizongoa kilemba cha hariri kichwani pake, na upara wake ukaonekana kwa mara ya kwanza katika utawala wake. Akafungua na mahazamu kiunoni yawe mkaja wa bibi. Kanzu yake ikabaki inampwaya, naye akabaki ameishika kwa mikono miwili isimkwaze. Mize akapita mlangoni. Bawabu alifungua kinywa kusema neno lake la kila siku, akaona mahazamu mikononi mwa Kanzumoja, akakifunga.

Kulipopambazuka, mlango wa chuo haukufikika kwa watu. Mafakiri wote wa Tambarani walikuja na watoto wao, wa kike kwa wa kiume, kila baba na kiganja chake wazi, kila mama anaulizia mkaja. Hata Tawakali, aliyekwisha kumlipia mwanawe, alikuja akitaka arudishiwe na aongezewe kilemba. Sultani akachungulia dirishani, akatoa amri upesi: chuoni hakuna tena ada, si ya kutoa wala ya kupokea, na kila mtoto apite.

Lakini mwizi wa kuku hakomi kwa kufungiwa banda moja. Mwaka mzima Waziri Shebe alijifungia na kamusi zake akitafuta neno jingine. Ilipofika Siku ya Mwaka ya pili, wajumbe wakiwa wamekaa, akasimama akiwa na furaha tele. "Enyi watu, ada imekwisha, haitarudi. Ila kuanzia leo, chuoni kuna mchango! Nasema tena, chuoni kuna mchango!"

Watu wakainamisha vichwa. Kanzumoja, aliyekuwa nyuma ya umati na hariri ya Sultani kichwani, akafungua kinywa ajibu, lakini kabla hajatamka akasikia sauti anayoijua. Mize alikuwa amekwisha kupasua umati, bakuli la shubiri mkononi, na nyuma yake wanafunzi wa utabibu.

Akapiga goti mbele ya Sultani. "Bwana wangu, tumesikia mara mbili kwamba chuoni kuna mchango, tukakimbia kuleta dawa. Tumefundishwa kwamba mchango ni mdudu wa tumbo, hunyonya alichokula maskini, na mwenye nao hashibi hata akila vya mji mzima. Na tumefundishwa kwamba mdudu huyo akifika hadi kutokea kinywani mwa mtu, basi tumbo la mtu huyo limejaa." Akamgeukia Waziri. "Na huu umetoka kinywani mwako, Mheshimiwa, mbele yetu sote."

Wajumbe hawakujificha tena, walicheka hadi machozi. Sultani naye akaukumbuka upara wake ulivyopigwa na jua, akamtazama Waziri aliyemponza, akaanza kucheka kwa hasira, kisha kwa raha. "Mpeni dawa," akasema. "Yote."

Waziri Shebe akanywa, bakuli likafika mwisho, macho yakimtoka. Mize akasimama mbele yake, mpole kama tabibu yeyote amwulizaye mgonjwa.

"Je, Mheshimiwa, bado kuna mchango?"

"Hakuna," akasema Waziri, akifuta ulimi kwa joho lake. "Hakuna kabisa."

Hekaya yangu imetua hapo. Mwenye chuo na asikie, na mwenye mchango na anywe dawa.