Mwana wa Mgonjwa Habebi

Mtu mmoja alikuwa na mabega yaliyojulikana kuliko uso wake. Jina lake Elirehema, mkulima wa tangawizi, naye aliishi na mama yake na dada yake katika kijiji kilichong'ang'ania juu ya milima ya Upare, mahali ambapo gari halifiki, na pikipiki ikifika huhema kuliko abiria. Zahanati ilikuwa chini, kwenye barabara, mwendo wa saa mbili kwa mtu mzima wa afya. Kwa mgonjwa hapakuwa na mwendo. Palikuwa na machela.

Machela ile ilikuwa ya watu wote: mipiko miwili mirefu ya mkaratusi, na katikati kamba zilizosukwa kama za kitanda. Ilitunzwa nyumbani kwa Elirehema, chini ya mchirizi wa paa, na uani kwake, kwenye mparachichi, ilining'inia rimu ya gari. Ya gari gani, hakuna aliyejua, maana gari lenyewe halikuwahi kuonekana. Ilifika rimu peke yake, kama mgeni aliyetangulia na wenzake wakapotea njia. Mtu akiugua ghafla, rimu hugongwa kwa nondo, na kila nyumba hutoa bega moja. Huulizi ni nani anaumwa. Kwanza unafika, kuuliza baadaye.

Nao walikuwa na sheria moja juu ya machela, ya tangu babu zao: mwana wa mgonjwa habebi. Atatembea kando, basi. Kwa sababu macho yake yatakuwa nyuma kwa mgonjwa na miguu yake iko mbele, na mtu wa namna hiyo huwaangusha wote korongoni, mgonjwa akiwa wa kwanza kufika.

Elirehema alikuwa mtu wa mpiko wa mbele, upande wa kushoto, yaani upande wa korongo, usiogombewa na mtu. Kwa miaka ishirini na miwili rimu haikulia asifike. Aliwashusha wajawazito, wazee, na mwalimu mmoja aliyeanguka kutoka kwenye paa la darasa akilaumu mabati. Na alikuwa na mdomo pia. Siku aliposhushwa baba wa Mbonea, rafiki wa Elirehema tangu utoto, Mbonea alitembea kando ya machela akilia, mikono ikimning'inia. Elirehema akamtania kutoka chini ya mpiko: "Mbonea, hiyo mikono umeiazima? Mbona hujui pa kuiweka?" Watu wakacheka. Hata mgonjwa alicheka. Mbonea naye akacheka, lakini kwa nusu ya mdomo.

Asubuhi moja, majira ya palizi, mama yake Elirehema, Bi Namkunda, alikuwa mlangoni akichambua maharage. Dada mtu, Nakiete, alikuwa ameteremka mferejini kuchota maji. Elirehema alikuwa uani akinoa jembe. Akasikia ungo umeanguka. Hakugeuka, ungo huanguka. Kisha akasikia kuku wanakula maharage na hakuna anayewafukuza. Hapo akageuka.

Mama alikuwa ameegemea mlango, na nusu ya uso wake ilikuwa macho, nusu ilikuwa imelala. Akamtazama mwanawe kwa jicho moja, akasema, "Mrudishe yule mbuzi, Yohana."

Yohana alikuwa baba yake Elirehema, na alikuwa kaburini mwaka wa kumi na mmoja. Mbuzi hawakuwa naye. Elirehema akageuka kumtafuta mbuzi.

Msicheke. Ninyi mngefanya nini? Aliingia ndani kuchukua maji, akatoka na kigoda. Akarudi kuacha kigoda, akatoka na kiatu kimoja cha kanisani, akakivaa. Akamwita Nakiete kwa sauti ambayo hata kuku hawakuisikia. Akamwambia mama, "Usiondoke hapo," kama kwamba mama alikuwa na safari. Kichwani mwake mambo yote yalikuwa yakisimama kwa wakati mmoja, kama watu waliogombania mlango wakakwama.

Kisha akaiona rimu. Ilikuwa hatua kumi kutoka aliposimama, na nondo imeegemezwa pale pale. Akaenda, akaishika nondo. Akainua mkono.

Na hapo mawazo mawili yakamjia. La kwanza lilikuwa na sura ya wema: ni majira ya palizi, watu ndiyo kwanza wameshika majembe, niwatoe mashambani kwa ajili yangu? Hilo alilisikia vizuri. La pili lilikuja kwa nyuma, polepole, nalo hakutaka kulisikia: watafika, na mimi nitasimama mbele yao mikono ikining'inia. Akairudisha nondo taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

Akachukua kanga mbili za mama. Akamwinua mama, akamweka mgongoni, akamfunga kwa mbeleko. Akajiambia: alinibeba miaka miwili, je, mimi nishindwe saa mbili? Hesabu ilikuwa nzuri. Alichosahau ni kwamba mama yake alimbeba akiwa amezungukwa na mashangazi watano, kila mmoja akidai zamu. Akapita chini ya mchirizi wa paa lake mwenyewe, kichwa kikagusa mpiko wa machela, machela ikatikisika, naye akaiambia, "Samahani," akaenda zake.

Mwanzoni mama alikuwa mwepesi. Wagonjwa wote ni wepesi kwenye tambarare. Walipoanza kuteremka, mama akawa mzito kwa upande mmoja, kwa maana upande ule ulikuwa umeacha kumsaidia. Mkono wake mlegevu ulimpiga Elirehema kifuani kila hatua, pu, pu, kama mtu abishaye hodi kwenye nyumba isiyo na watu. Kila mara alisema naye. "Mama, unanisikia?" Mama alijibu, lakini maneno yalitoka yamechanganyika kama maharage na mawe, na hapakuwa na ungo.

Walipofika kwenye kijito, mahali ambapo njia inapita juu ya mawe matatu, mbeleko ikalegea. Elirehema akaukumbatia mti uliokuwa kando ya njia. Na hapo ndipo alipojua amefanya nini. Kuvuka hawezi: mawe yanateleza, na mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Kurudi hawezi: mlima unamtazama. Kumweka mama chini hawezi, kwa sababu akimweka chini hana wa kumsaidia kumwinua. Kumfunga upya hawezi, kwa sababu mikono yote miwili imeshika. Mtu aliyekuwa na mabega kuliko wote kijijini akasimama ameinama, ameukumbatia mti kama shemeji, na pumzi ya mama yake inapita sikioni mwake kwa kukorota. Alijua kila dakika anayosimama pale inatolewa kwenye uhai wa mama. Alijua, wala hakuweza hata kujikuna.

Ndipo rimu ikalia.

Ilitoka juu, kali, ikapita mabondeni. Na miguu ya Elirehema, kwa mazoea ya miaka ishirini na miwili, ikageuka kupanda. "Nani tena jamani anaumwa?" akawaza. Akazipitia nyumba moja moja kichwani: labda mke wa katekista, labda yule mtoto mwenye pumu. Akaona aibu. Siku zote hizo hakukosa hata mara moja, na leo bega lake litakosekana na watu watauliza.

"Mama," akasema, "kuna mgonjwa huko juu. Leo sitafika."

Mama akasema kitu juu ya mbuzi.

Rimu ikalia mara ya pili, kwa hasira, kama inayogongwa na mtu anayelia. Ndipo alipotambua kwamba rimu iko uani kwake, na anayeigonga amesimama kwenye maharage ya mama yake, na mgonjwa yuko hapa, mgongoni. Akajaribu kuitika. Alikuwa amezoea kuitikia rimu ile kwa miguu tu. Kwa mdomo hakuwahi, na hakujua mtu huitikaje. Ikatoka sauti tu, isiyo na neno. Ilitosha.

Walishuka kama maji. Wa kwanza alikuwa Mbonea, udongo wa palizi hadi magotini. Nyuma yake wanaume kwa wanawake, jembe bado mkononi mwa huyu, ndala moja mguuni mwa yule, na machela juu ya vichwa. Wa mwisho akafika Nakiete, aliyerudi mferejini akakuta maharage bila mama, akagonga rimu; amebeba kiatu cha pili.

"Kaka!" akapiga kelele. "Umemfunga mama kama gunia la tangawizi! Machela iko juu ya kichwa chako, rimu iko puani kwako! Ulikuwa unamficha nani?"

Elirehema akauinamia mti zaidi, wapate kumfungua mama.

Mikono minane ikampokea mama. Wakamlaza, wakamfunika kanga, mwanamke mmoja akamgeuza kichwa upande ili mate yasimpalie. Yote yakafanyika upesi, na Elirehema alipoona mgongo wake umekuwa mwepesi ghafla, alihisi kama amevuliwa nguo. Akakimbilia mahali pake. Mpiko wa mbele, kushoto. Akauingiza begani, akasubiri wenzake wainue.

Hawakuinua. Mbonea alikuja akasimama mbele yake, akaushika mpiko. Hakumsukuma. Akamwambia kwa sauti ndogo:

"Toka hapo, Elirehema. Leo na wewe ni mzigo wetu."

Basi akatoka.

Sasa nitawaambia jambo gumu. Kubeba ni rahisi. Unaangalia njia chini ya miguu, unahesabu hatua, jasho linakufumba macho, na mtu anayetoka jasho huonekana anajua anachofanya. Elirehema alitembea kando ya machela, na njia aliyoipita mara mia akawa haijui. Alijikwaa kwenye mizizi aliyowahi kuwaonya nayo wengine. Mtu akamshika kiwiko, akamwachia, mwingine akamshika. Nakiete akamsimamisha, akamvisha kiatu cha pili kama anayevalisha mtoto wa ubatizo, akamwambia, "Twende." Elirehema hakujua kama anatakiwa kulia sasa au baadaye. Hakujua kama anaharakisha au anachelewesha. Na mikono, mikono yake ile mikubwa, ilining'inia. Aliiweka nyuma, ikarudi mbele. Aliiweka kifuani, ikaanguka.

Mbonea alimwona kutoka chini ya mpiko. Watu wote wakajua ni utani gani unakuja. Miaka mingi ulikuwa umekaa ukingoja. Mbonea akafungua mdomo, akamtazama, akaufunga. Akabadilisha bega.

Walipofika kwenye mteremko mkali, machela ikainama, na mama akaogopa. Mkono wake wa upande uliokuwa macho ukatoka chini ya kanga, ukapapasa hewani. Ukagusa mpiko, ukauacha. Ukagusa sikio la mtu, ukaliacha. Ukaendelea kutafuta, mpaka ukakutana na mkono wa mwanawe, uliokuwa pale kando, hauna kazi, hauna kitu. Ukaushika. Ukaubana kwa nguvu ambayo Elirehema hakujua kwamba ipo duniani asubuhi ile.

Akaenda hivyo hadi barabarani, ameinama kidogo, ameshikwa.

Kwenye zahanati nesi alitoka na daftari, akauliza, "Nani amemleta mgonjwa?" Elirehema akapiga hatua mbele, maana swali hilo siku zote alilijibu yeye. "Mimi," alitaka kusema. Akageuka, akawaona wameketi chini ukutani, watu kumi na saba, udongo umekauka miguuni, wanapokezana kikombe kimoja cha maji.

"Tumeletwa," akasema.

"Kwani na wewe unaumwa?"

"Sijui, dada."

Mganga wa zahanati alisema ni kiharusi, na kwamba wamefika mapema vya kutosha kumpeleka hospitali kubwa akiwa na tumaini. Wangesimama zaidi kule njiani asingesema hivyo. Mama alirudi kijijini baada ya mwezi, kwa machela, anapanda mlima kama malkia, akiwalaumu wabebaji kwamba wanatembea kama wanaomzika. Mdomo wake ulikaa upande kidogo hadi mwisho. Maneno yake mengi yalirudi, si yote. Mpaka leo, siku nyingine, humwita mwanawe Yohana na kumwagiza mbuzi, naye Elirehema hutoka uani, hukaa kidogo karibu na rimu, hurudi, humwambia, "Hajaonekana bado, mama," na humpa mkono.

Nanyi mnaosifiwa kwa mabega, niambieni: siku mgonjwa wako atakapopapasa hewani akikutafuta, ataukuta mkono wako mtupu, au utakuwa umeshika mpiko?