Gitaa Lililotundikwa Jikoni

Mbachao ni mkeka uliochakaa; msala ni mkeka wa kuswalia. Waliotuachia methali ya mbachao na msala hawakumkataza mtu kuutamani msala mzuri wa mgeni apitaye njia. Walimkataza kutupa mkeka wake kabla hajajua mgeni ataondoka lini. Sikiliza yaliyompata Casimir wa Baraka, mji wa Kongo ulio kando ya Ziwa Tanganyika.

Mwaka wa 1956 hapakuwa na arusi iliyonoga kati ya Baraka na Lubondja bila gitaa la Casimir. Kisha padri mmoja akaja na mashine ya sinema, akaonyesha picha juu ya shuka, na Casimir akanaswa kama samaki kwenye ndoana. Akawa mbeba masanduku wa padri, akajifunza kushika kamera ile ya kutiwa ufunguo kama saa. Padri alipokwenda likizo Ulaya alimwachia kamera na mikanda miwili.

"Nikirudi nitaona," alisema. "Kama una jicho, kamera ni yako. Kama hauna, naichukua."

Casimir akavimba kichwa. Gitaa akalitundika jikoni kwa dada yake mkubwa, Pulchérie, aliyemwita yaya, moshi ukalila.

"Mi sasa niko mutu wa sinema, yaya," alimwambia. "Gitari ni ya balevi."

Alitaka filamu yake mwenyewe, isiyoagizwa na misheni wala serikali: wanawake wa Ubwari, ng'ambo ya ghuba, wakianika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, juu ya mchanga. Akavuka kwa mtumbwi. Wanawake walipoiona kamera walikimbilia ndani, wakatoka na vitenge vya Jumapili, wakajipanga mstari, mikono ubavuni, pumzi wameibana. Casimir akabonyeza, akidhani watazoea. Kamera ikanguruma mpaka mkanda wa kwanza ukaisha. Hakuna aliyetikisika, isipokuwa kuku aliyekuwa akidokoa ndagala.

"Mama Saumu, mbona hamufanye kazi?" Casimir akamwuliza mkubwa wao.

"Mupiga foto wa Uvira alitwambia, ukitikisika sura inapotea. We unataka tupoteze sura zetu sababu ya sinema yako?"

Akawaeleza mpaka koo likakauka. Wakatembea kidogo kama askari, wakasimama tena.

Alirudi Baraka amenywea, mkononi mkanda mmoja tu. Pulchérie alikuwa akisonga ugali, wala hakuacha mwiko.

"Ulipokuwa unapiga gitari, hata bibi mwenye kiuno kibaya alikuwa anainuka. Sasa unaendea batu na jicho ya chuma, banaganda kama bugali ya jana. Kosa ni ya nani?"

Casimir akaliangua gitaa, akalipangusa masizi. Waya mmoja haukuwepo.

"Nimefunga nayo mulango ya kuku," Pulchérie alisema bila haya. "Si ulisema ni ya balevi?"

Casimir akaufungua waya, akaurudisha kwenye gitaa, akavuka tena, kamera ikiwa kikapuni. Safari hii aliketi mchangani, akapiga wimbo wa arusi. Kwanza walimcheka. Kisha Mama Saumu akaudaka wimbo, wenzake wakaitikia, mikono ikaanza kutawanya ndagala kwa mapigo yake. Wimbo ulipokwisha kuwa wa kwao, Casimir aliliweka gitaa chini taratibu, akachukua kamera. Hakuna aliyegeuka. Mama Saumu alimfukuza kuku bila kukosa hata neno moja la wimbo.

Padri akarudi, mkanda nao ukaenda Ulaya kusafishwa, ukarejea. Jioni moja shuka likatundikwa ukutani mwa shule, watu wakajaa. Picha zikaanza, kimya.

"Sinema gani hii bubu?" mtu akanung'unika.

Casimir alikuwa ameketi kando ya shuka na gitaa lake. Akaukamata wimbo ule ule, na Mama Saumu, aliyevuka toka Ubwari na kukaa mbele, akaimba sawasawa na midomo yake mwenyewe pale ukutani. Kuku alipotokea, watu waliangua kicheko mpaka wengine wakashikana mabega.

Padri akamkabidhi mfuko wa kamera. "Jicho iko," alisema. "Kumbe ulianza na sikio."

Tangu hapo Casimir alitengeneza filamu zake Fizi na Kilembwe, bila kutumwa na mtu, kamera shingoni, gitaa mgongoni. Na aliyejitolea kumpunguzia mzigo alipewa kamera. Gitaa Casimir alilibeba mwenyewe. Alikwisha kujifunza: usiache mbachao kwa msala upitao.