Kamba Mbili, Tawi Moja

Mtu mmoja alikuwa na kamba mbili na wana wawili. Kazi yake ilikuwa kukata miti mirefu iliyoota karibu na nyumba za watu, ile isiyoweza kuangushwa kwa shoka bila kubomoa paa. Aliikwea hadi kileleni, akaishusha tawi baada ya tawi mpaka shinani. Aliifanya kazi hiyo miaka arobaini katika nchi ya milima na mvua nyingi, akafa kitandani mwake akiwa na meno machache na mifupa yote mizima. Kabla hajafa aliwaita wanawe, Asajile mkubwa na Lugano mdogo, akawaachia zile kamba pamoja na agizo.

Agizo lilikuwa hili. Anayekwea na ajifunge kamba zote mbili kwenye mkanda wa kiunoni, na kila kamba aipitishe juu ya tawi lake peke yake. Anapohamisha moja, nyingine imshike. Maana msumeno wa mtu waweza kuikata kamba yake mwenyewe, na tawi laweza kuoza ndani huku gome lake likipendeza. Wala asianze kukata kabla ndugu yake aliye chini hajatazama juu na kutamka, "Umeshikwa mara mbili." Neno hilo alipewa aliye chini, kwa sababu aliye juu uso wake u karibu mno na mti, naye haoni kitu ila kazi yake.

Wakalishika agizo miaka mingi. Kisha Asajile akawa hodari, na sifa zake zikavuka mabonde. Akaona kwamba kuirusha kamba ya pili kwenye tawi jingine, juu ya gome lililolowa, kunamlia muda sawa na kukata kwenyewe. Akaanza kuzifunga zote mbili mahali pamoja. Wapita njia walihesabu kamba, wakamsifu kwa uangalifu wake. Lugano peke yake, kutoka pale alipozoea kusimama, aliona kwamba zote zilining'inia kwenye tawi moja.

Mara ya kwanza Lugano alikataa kulitamka neno. Alisimama kimya, uso juu, mpaka watu waliokuja kuokota kuni wakaanza kutazamana. Ndipo Asajile akasema kutoka mtini, kwa sauti ya kuwafikia wote, "Jamani, mwoneni mdogo wangu. Nadhani hata shemeji yangu humfunga kamba asianguke kitandani." Watu wakacheka, mama mmoja alicheka hata akautua mzigo wake chini. Asajile aliihamisha kamba, lakini kwa hasira, na njia yote ya kurudi nyumbani hakumsemesha ndugu yake. Jioni hakumwita chakulani. Lugano alimpenda kaka yake, tangu utoto alikuwa amevaa mashati aliyoyaacha, na ile siku moja ya kununiwa ilimwuma kuliko jeraha. Moyoni mwake akaanza kukiogopa kicheko kile kuliko kuanguka.

Ikawa majira ya mvua yalipokaribia, mjane aitwaye Sekela akawaomba wamwondolee mkaratusi uliolalia paa la nyumba yake, kwa kuwa kila upepo ulipovuma hakupata usingizi kwa ajili ya wanawe. Asubuhi hiyo aliwatoa watoto nje, akasimama nao kwenye shamba la viazi, mikono kichwani. Asajile akakwea. Alipofika pale shina lilipogawanyika, akapitisha kamba ya kwanza juu ya tawi nene lililoelekea mlimani. Akaitazama mvua iliyokuwa ikija, akapitisha na ya pili juu ya tawi lilo hilo. Lugano aliona. Aliona pia, pale tawi lilipoungana na shina, doa jeusi lililolowa, upana wa kiganja.

"Haya, shemasi," Asajile akasema kutoka juu, "sema neno lako nikate. Mvua ile haisubiri ibada."

Lugano akamtazama mjane, akawatazama majirani waliokuwa tayari wameanza kutabasamu.

"Umeshikwa mara mbili, kaka."

Msumeno haukufika nusu ya pande la kwanza. Tawi lile nene lilitengana na shina bila kishindo kikubwa, kwa kuwa ndani halikuwa na kitu cha kuvunjika ila unga, nalo likamchukua Asajile pamoja nalo. Watu walipomfikia, walizikuta kamba zote mbili zikiwa bado zimelizunguka tawi. Hakuna hata uzi mmoja uliokatika.

Asajile hakufa, ila mgongo wake ulivunjika. Lugano alimwogesha, akamgeuza ubavu kwa ubavu, akamlisha kwa mkono wake. Na kila alipomlisha, lile neno alilolitamka lilimrudia kinywani likiwa chungu. Siku ya tisa Asajile alimwuliza kama alikuwa ameliona lile tawi. Lugano akainamisha kichwa, akakiri kwamba aliliona.

Asajile akasema, bila ukali, "Sasa mbona hukuniudhi, mdogo wangu?"

Lugano akalia, na Asajile akamsamehe saa ile ile, maana alijua ni nani aliyemfundisha mdogo wake kunyamaza. Msamaha ulikuwa wa kweli. Lakini miguu haikurudi. Na mpaka leo zile kamba zimetundikwa kwenye msumari ukutani, mbele ya kitanda, nzima zote mbili, mahali ambapo macho ya wote wawili hayana budi kuzikuta.

Basi wewe uliyesimama chini leo, unayemwona ndugu yako akining'inia palipooza huku watu wakimsifu, je, unampenda kiasi cha kumwudhi?