Tangazo la Nyumba ya Mbaruku

Mbaruku, tajiri asiyeambiwa kitu, alimwendea mpangaji wake Mwanasiti, mtunzi wa matangazo.

"Nyumba hii naiuza, nawe utahama. Nitungie tangazo, mtu akilisoma tu mate yamdondoke."

"Haya, mzee."

Kesho yake Mbaruku akalisoma kwa sauti: "Baraza ina kivuli kutwa. Kisima hakikauki hata kiangazi. Kuta alizijenga babu wa mwenye nyumba, jiwe kwa jiwe." Akavua miwani, akaipangusa.

"Ndiyo nyumba yangu hii?"

"Ndiyo. Nikalibandike sokoni?"

"Thubutu! Niuze nyumba kama hii, nina wazimu? Kaa humu humu unitunzie!" Akaondoka na tangazo lake kifuani.

"Kazi yote bure," mumewe Mwanasiti akasikitika. "Wanunuzi hawataliona."

"Wanunuzi gani? Nilimwandikia mtu mmoja tu, na ameshalisoma."