Kompyuta ya Bwana Kifaru Haiugui

Hapo zamani za kale, ila si za kale mno, maana wanyama walikwisha kuwa na nyumba za bati, makochi na kompyuta, ulitokea ukame mkali. Tulieni niwaambie. Ninyi mnaocheka huko nyuma, subirini, mtapata cha kuchekea.

Mito yote ilikauka, kikabaki kisima kimoja. Wanyama wakakubaliana kunywa kwa zamu, na zamu ziandikwe. Nani aandike? Bwana Kifaru, kwa sababu nyumba yake ilikuwa jirani na kisima, na alikuwa na kompyuta kubwa ya mezani. Nakala ya pili ya orodha akapewa Mzee Nyati, jirani yake wa ng'ambo ya uwanja, ili mmoja akidanganya, mwenzake amuumbue.

Wazo zuri, sivyo? Ila wakubwa ni wakubwa. Kifaru alijiandika wa kwanza. Nyati akawa wa pili. Wakafuata Tembo, Kiboko, Nyumbu na wengine wenye miili. Wadogo akawatupa siku ya saba, jioni, baada ya wote. Na siku ya saba jioni, kisimani hakukuwa na maji. Kulikuwa na tope.

Bi Digidigi alimleta mwanawe jioni hiyo. Mtoto akaramba tope, akakohoa, kho! kho! Akakaa chini, akashindwa kuinuka. Mama yake akambeba mgongoni mpaka nyumbani.

Bi Pimbi aliyaona hayo. Mnamjua Pimbi? Yule mnyama wa majabalini, mnene kama mkate wa boflo, mkia hana. Kazi yake ilikuwa ufundi wa kompyuta. Asubuhi yake akaenda moja kwa moja kwa Kifaru.

"Hodi!"

"Nani?"

"Ni mimi, Pimbi wa majabalini. Shikamoo, Bwana Kifaru."

"Marahaba. Sema upesi, nina kazi."

Kazi gani! Alikuwa akibishana na Nyati, dirisha kwa dirisha.

"Nakwambia weka kinga ya virusi!" alinguruma Nyati kutoka kwake. "Mimi nimeweka. Inakagua kila kitu. Sikiliza!"

Ting!

"Umesikia? Imekagua!"

Kifaru akacheka mpaka vikombe vikacheza mezani. "Kinga ya nini? Kompyuta yangu inaendeshwa na mfumo wa Linux, bwana! Linux haiugui. Virusi ni maradhi ya wajinga."

"Hata yangu ni Linux! Ila mimi ni mwerevu, nimeiongezea kinga."

"Umemvisha samaki koti la mvua!"

"Na wewe umelala mlango wazi!"

Wapumbavu wawili, na kila mmoja anajiona profesa.

Pimbi akasubiri wapumue, kisha akasema, "Bwana Kifaru, watoto wetu wanaramba tope. Tunaomba wadogo tunywe mwanzo. Sisi matumbo yetu ni ya kikombe kimoja, maji hayatapungua."

"Orodha haibadiliki," akasema Kifaru. "Imo humu, na humu haingii mtu. Nani ataibadilisha? Wewe? Hebu jitazame! Vidole hivyo hata kibodi havifiki. Nenda kalambe umande."

"Ahsante. Nimesikia."

Pimbi akatoka na hasira zake. Lakini hakutoka bure. Alikuwa ameona kwamba kwenye kioo cha kompyuta Kifaru ameweka picha yake mwenyewe, na kila akimaliza kusema neno, anaiangalia pembe yake, anajilamba mdomo. Akachungulia na dirishani kwa Nyati. Mambo yaleyale!

Akafanya kazi siku mbili. Siku ya tatu, mchana kweupe, Kifaru na Nyati wakapata ujumbe kwenye kompyuta zao:

"Kwa wenye pembe peke yao! Imetoka programu mpya ya Linux, jina lake Pembe Tukufu. Pembe yako itakuwa ndefu na itameremeta kwenye kioo. Nakili mstari wa amri ulio hapa chini, ubandike kwenye kompyuta, kisha andika nenosiri lako. Wasio na pembe wasijisumbue."

Kifaru akaruka kitini. "Mke wangu! Njoo uone heshima niliyopewa!"

Mama Kifaru alikuwa akichambua choroko. Akainua macho. "Nani kakuletea?"

"Chama cha Wenye Pembe."

"Kipo wapi hicho chama?"

"Kipo."

"Na huo mstari mrefu wenye alama alama unasemaje?"

"Unasema pembe."

"Nakuuliza maana yake."

"Mke wangu, hii ni Linux!"

"Nimekuuliza maana, wewe unanitajia jina."

"Aa! Mambo ya wataalamu haya, wewe chambua choroko zako."

Kwato zikashuka kwenye kibodi, ka-ka-ka-ka! Kompyuta ikasita, ikamwomba nenosiri.

"Unaona usalama huo?" Kifaru akatamba. "Haifanyi kitu mpaka iniulize mimi!"

Akaandika nenosiri. Tap! Lo! Pembe ikatokea kwenye kioo, ndefu, inametameta, ncha yake imegusa ukingo wa juu. Kifaru akatokwa na machozi.

Jamani, hebu nielezeni ninyi. Mlinzi wako amekuja kukuuliza, "Nimruhusu mgeni huyu?" Wewe hata uso wa mgeni hujautazama, unajibu, "Mpitishe, na kitanda mpe!" Mlinzi ana kosa gani?

Na yule mwerevu mwenye kinga je? Naye alibandika mstari uleule. Kinga yake ikapiga ting! ikaandika: Hakuna virusi. Na kweli hakikuwapo hata kimoja! Kinga ile ilijua sura za virusi vya zamani, na programu ya Pimbi ilikuwa imezaliwa juzi, tena inakaribishwa na mwenye nyumba mwenyewe. Nyati akaandika nenosiri huku akijisifu, "Imekagua! Imekagua!"

Pamoja na pembe, programu ile ilifungua kimlango kidogo. Pimbi akapita humo akiwa kwake majabalini, kikombe cha chai mkononi. Akaipanga upya orodha kwa Kifaru, akaipanga vilevile kwa Nyati, akamaliza chai yake.

Jumatatu asubuhi wanyama wote wakakusanyika uwanjani kusomewa zamu za wiki mpya. Pimbi akasimama mbele kabisa.

"Bwana Kifaru," akasema, "kabla hujasoma, sisi wengine tuna wasiwasi. Je, haiwezekani mtu akawa ameigusa orodha?"

Bi Digidigi akamfinya. "Nyamaza, shoga yangu, utatuponza!"

"Ameigusa?" Kifaru akatokeza kichwa dirishani, pua imetanuka. "Sikilizeni nyote! Hii ni Linux! Kilichoandikwa humu ndicho. Atakayesema kimeguswa ni mwongo au ni mjinga!"

"Na kwako, Mzee Nyati?"

"Kwangu ndiyo kabisa!" Nyati akajibu kutoka ng'ambo. "Linux, na kinga juu yake!"

Ting!

"Basi tumeridhika," akasema Pimbi. "Tusomeeni."

Kifaru akageuza kioo cha kompyuta kuelekea dirishani ili wote waone. Akakohoa, akasoma kwa sauti ya mkutano:

"Zamu ya kwanza: Digi..."

Akakwama.

"Soma, bwana!" akasema Tembo. "Jua linapanda."

"Digidigi na mtoto wake. Ya pili, Pimbi. Ya tatu, Nguchiro. Ya nne, Kindi..." Sauti ikawa inapungua, inapungua, mpaka ikawa kama ya mbu. "Siku ya pili, Tembo na Kiboko... Siku ya saba, jioni, baada ya wote... Kifaru."

"Na Nyati," akanong'ona Nyati dirishani kwake. Orodha zilikuwa sawa, neno kwa neno.

Kifaru akalipuka. "Imeguswa! Orodha hii imeguswa!"

Tembo akapepea masikio yake taratibu, pwaa, pwaa. "Bwana Kifaru, sasa hivi umesema anayesema imeguswa ni mwongo au mjinga. Wewe ni yupi?"

Mtumee! Kifaru akamtazama Nyati. "Jirani yangu, sema basi! Yako imeguswa, sivyo?"

Nyati akawaza. Akisema imeguswa, kinga aliyoitambia mwaka mzima itakuwa takataka, na Kifaru atamcheka mpaka kufa. "Yangu ni nzima," akasema, meno yamebanana. "Imekaguliwa."

Ting!

Kifaru akainamisha kichwa. "Orodha ni sahihi," akasema.

Kisimani, Digidigi mdogo akanywa mpaka tumbo likawa duara. Akateleza, chubwi! akaangukia ndani ya beseni la maji, akatoka anacheka. Mama yake akacheka naye, akalia, akacheka tena.

Siku ya nne koo la Kifaru lilikuwa limekauka. Akapanda majabalini akihema, ff! ff! akasimama mlangoni kwa Pimbi.

"Fundi," akasema chini chini, "nahisi kompyuta yangu imeingiwa na kirusi. Kirusi kikubwa, tena chenye nguvu za ajabu. Maana mimi si wa kuchezewa na kirusi kidogo."

"Hapakuwa na kirusi, Bwana Kifaru."

"Kulikuwa na nini, basi?"

"Kulikuwa na wewe. Uliletewa mstari na usiyemjua, hukuusoma, ukaubandika. Ukaulizwa nenosiri, ukalitoa, kimlango kikafunguka. Kisa pembe."

Kifaru akaelewa. Masikio yakamlegea. "Ni wewe."

"Ni mimi. Hivi vidole visivyofika kwenye kibodi."

Angeweza kumkanyaga. Lakini nje walikuwapo Tembo na Nguchiro, na habari ingetoka, na dunia nzima ingejua kilichomleta. Akameza mate ambayo hakuwa nayo. "Je, nikiweka kinga kama ya Nyati?"

"Ukitaka, weka. Ukipokea mafaili na kuwapelekea wenye kompyuta za aina nyingine, yakague, usiwabebee wenzako maradhi yasiyokuuma wewe. Linux ni nyumba imara, Bwana Kifaru, sibishi. Ila funguo unazo wewe, na wewe unampa kila anayekusifu."

"Nifungie hicho kimlango. Nakuomba."

"Nitakifunga. Lakini wadogo watakunywa mwanzo mpaka mvua inyeshe, na utalitangaza hilo wewe mwenyewe, mbele ya watu."

"Nitalitangaza."

Pimbi akaingia ndani, akamletea maji katika kikombe chake, kikombe cha pimbi, kidogo kama kifuniko cha chupa. Kifaru akakishika kwa kwato mbili, akanywa, akakirudisha kwa shukrani.

Nami nimefika mwisho, wanangu, na mafunzo yake ni haya: uwe na kinga au usiwe nayo, hakuna programu itakayokulinda ikiwa unasema "ndiyo" kwa jambo usilolisoma.