Aliyezuia Mlango, Aliyeishia Nje ya Ua na Aliyebeba Mgongoni

Jambo hili nililisikia kwanza kwa Bi Namsifu, mkunga wa zamani anayekaa ng'ambo ya mfereji wetu. Tulikuwa wanawake wanne tukiosha tangawizi kwake. Mimi nilikuwa mdogo wa wote. Wenzangu walikuwa wakibishana ni nani kati yao anamtunza mzazi kuliko mwenzake, hadi Bi Namsifu akachoka. Akasema, "Nyamazeni niwape kesi. Mkiimaliza, ndipo mrudi kwenye ubishi wenu."

Ninaiandika kama alivyoisema.

Hapo zamani, barabara ya magari ikiwa bado haijapanda huku milimani kwetu, aliishi mama mjane jina lake Nakiete. Alikuwa amekula chumvi nyingi. Meno yalibaki matatu, lakini kucheka alicheka. Alikuwa na shamba dogo la tangawizi chini ya ndiva, lile bwawa la kumwagilia la ukoo. Shamba lile lilikuwa na mlango mmoja tu wa maji. Ukilikata vipande viwili, kimoja kinakauka. Kwa hiyo lilikuwa la mtu mmoja, na kila mtu wa nyumba ile alilitamani bila kusema.

Nakiete alikaa na mkwe wake, Namkunda, ambaye mumewe alifanya kazi mbali kwenye mashamba ya mkonge. Ng'ambo ya bonde alikaa mwanawe Kiure, mpasua mbao, mtu wa nguvu na utani. Binti wa mwisho, Navoneiwa, alikuwa mjini akijiandaa kuolewa.

Msimu mmoja wa baridi, kikohozi kilipita mlimani. Vijana walipiga chafya siku tatu, wakarudi shambani. Wazee wawili walizikwa.

Namkunda akashuka zahanati kuuliza. Muuguzi akamwambia, "Mafua yanayomlaza kijana siku mbili yanaweza kumwondoa mzee. Mapafu yake yamechoka, na mwili wake haupigani kama wako. Mwenye mafua asimkaribie mama. Naweni mikono. Na fungueni madirisha, moshi na pumzi za watu zitoke."

Namkunda akarudi, akaweka benchi nje chini ya dirisha. Akaweka ndoo ya maji na sabuni. Kisha akasimama mlangoni.

Walikuja wageni na maziwa. Akasema, "Asanteni. Mama anawasalimu. Kaeni hapa, semeni naye dirishani."

Walikuja wageni na ndizi. Akasema, "Asanteni. Mama anawasalimu. Kaeni hapa, semeni naye dirishani."

Kwetu, mtu akija kumjulia hali mzee huingia, humshika mkono, hukaa motoni. Kuachwa nje ni tusi. Wakampa Namkunda jina, wakamwita Bi Komeo. Akipita kisimani walimuuliza, "Bi Komeo, leo mkweo umempa chakula, au umempa ufunguo alambe?"

Namkunda alicheka nao, akajitwisha ndoo, akaenda kulia njiani.

Wiki ya tatu akaja Navoneiwa. Kesho yake alikuwa aende kwa mume, mkoa wa mbali, na binti wa kwetu haendi kwa mume kabla mama hajamwekea mkono kichwani. Lakini ndani ya basi alikaa katikati ya watu wanaokohoa, na alipokuwa akipanda mlima koo lilianza kumwasha. Angenyamaza, nani angejua? Alisimama nje ya ua wa masale, ile mimea ya mpaka, hakuingia.

Nakiete akaita dirishani, "Mwanangu, mbona umesimama huko kama mdai? Njoo nikushike kichwa."

"Siwezi, mama. Koo linaniwasha."

"Koo tu? Nimewalea watano na makamasi yao!"

"Ulikuwa kijana, mama."

"Basi utaolewa bila mkono wangu?"

Navoneiwa aliweka kanga mpya juu ya masale, akapiga magoti pale pale kwenye umande, akainuka, akashuka mlima. Huko alikoolewa, mama mkwe alimuuliza, "Mama yako alikushika kichwa?" Akasema hapana. Tangu siku ile walimtazama kama kuku wa kuokotwa.

Siku nne baadaye akaja Kiure. Pua inachuruzika.

Namkunda akasema, "Shemeji, una mafua."

"Hili ni vumbi la mbao."

"Vumbi halichuruziki, shemeji. Kaa hapa, sema naye dirishani."

Kiure akacheka. "Mimi nimezaliwa ndani ya nyumba hii. Wewe umezaliwa ndani ya ipi?"

Na kutoka ndani sauti ya Nakiete ikasema, "Namkunda, mwache mwanangu aingie. Mwezi mzima sijaguswa na mtu. Mimi ni mzee, si mfungwa."

Namkunda akasogea.

Kiure akaingia. Akamkumbatia mama yake. Wakanywa maziwa mgando kwenye kibuyu kimoja, akipokea huyu, akipokea yule. Akamwigiza mzee wa kanisa anavyosinzia, na Nakiete akacheka hadi akafuta machozi. Namkunda alikuwa jikoni, akakiri moyoni kwamba kicheko kile hajakisikia tangu alipoweka benchi.

Siku ya tatu Nakiete akaanza kukohoa.

Majirani wakasema, "Ni baridi. Mfunikeni. Fungeni madirisha." Mvua ilikuwa inapiga, njia imekuwa utelezi. Namkunda alikuwa amemkesha siku tatu za kikohozi, akamgusa mama shingoni. Hakuwa na moto sana. Akasema, "Tungoje mvua ikatike, kesho tumpeleke." Akafunga dirisha.

Asubuhi hiyo hiyo, saa nne, akaja Kiure na mkungu wa ndizi. Akamwona mama yake amekaa kitandani, anapumua haraka kama mtu aliyepanda kilima amejitwika kuni. Uji uko pembeni, haujaguswa. Nakiete akamtazama, akamwita kwa jina la mjomba aliyekufa zamani.

Kiure akautupa mkungu. "Mama hanijui!"

Namkunda akasema, "Mvua, shemeji..."

"Mvua itanyesha juu yangu."

Akambeba mgongoni kwa mbeleko, kama mama alivyombeba yeye. Akashuka. Aliteleza mara mbili, mara zote mbili akaangukia magoti ili mama asiguse chini. Saa nane mchana akafika hospitali ya bondeni, damu inamtoka magotini. Mama akawekewa hewa ya mtungi.

Daktari akasema, "Mafua yameshuka mapafuni. Mzee anaweza kuzidiwa bila mwili kuchemka, msidanganyike. Mngengoja kesho, mngemleta amefunikwa uso."

Nakiete alilala huko siku kumi na moja. Akapona. Alirudi amekonda kama ufito, lakini amerudi. Akawaita wote, na Navoneiwa akasafiri kutoka kwa mume, mzima wa afya. Mama akasema, "Pumzi hii nimepewa. Aliyenipa ndiye nitakayempa shamba la chini ya ndiva, na mkono wangu kichwani mbele ya ukoo wote. Semeni."

Kiure akasema, "Mama, wengine walisimama, mimi nilitembea. Daktari mwenyewe alisema. Magoti yangu haya hapa."

Namkunda akasema, "Magoti yako tunayaona, shemeji. Na makamasi yako tuliyaona pia. Ulichokibeba kushuka mlima ni wewe uliyekileta. Mimi nilizuia watu arobaini, nikaitwa Bi Komeo. Kila siku mama aliyoamka mzima ilikuwa kazi yangu, na hakuna aliyeiona, kwa sababu hakuna kilichotokea."

Kiure akasema, "Ulizuia arobaini, ukamwachia mmoja."

"Ulinitukana kwa kuzaliwa kwangu! Na mama akaniamuru."

"Na mvua ilipokuja, nani alisema tungoje?"

Namkunda akainamisha kichwa. "Mimi."

Navoneiwa akasema taratibu, "Mimi sina magoti ya kuonyesha wala jina la utani. Sikufanya chochote. Lakini mafua yangu yalinilaza wiki nzima kwa mume. Ningeingia siku ile, mama angeyapata. Nyinyi wawili mlimpa mama siku zenu na jasho lenu. Mimi nilitoa kitu ambacho nilikihitaji maisha yangu yote, nikaenda mikono mitupu."

Kiure akasema, "Dada, asiyefika hapewi shukrani."

"Kaka, wewe ungeshukuriwa sana kama usingefika."

Nakiete akawatazama. Na yeye alijua ni sauti ya nani iliyosema, "Mwache aingie." Akainua mkono wake. Ukabaki juu.

Hapo Bi Namsifu akaikatisha hadithi. Wenzangu wakaanza kugombana. Mmoja alisema Kiure, kwa sababu maiti hailimi tangawizi. Mwingine alisema huwezi kumpa tuzo aliyechoma nyumba kisha akaleta maji. Bi Namsifu akanigeukia mimi. "Na wewe mdogo?" Nikatazama beseni. Mimi kusema mbele za watu kunanishinda.

Asubuhi iliyofuata mwanangu aliamka anapiga chafya. Kila asubuhi mimi humpeleka kwa mama mkwe wangu, naye humpokea na kumpulizia uji kijiko kwa kijiko. Nilimfunga mgongoni, nikaenda, nikasimama mbali na kizingiti. Nikasema, "Shikamoo, mama. Leo hatuingii. Mtoto ana mafua." Alikuwa ameshanyoosha mikono. Aliishusha polepole, akasema, "Haya," akaingia ndani. Nilirudi nyumbani sijui kama nimemlinda au nimemuumiza.

Basi nawauliza nyinyi mnaosoma, maana mkono wa Nakiete bado uko juu: yupo aliyezuia mlango, yupo aliyeishia nje ya ua, na yupo aliyebeba mgongoni. Je, ulistahili kushuka juu ya kichwa cha nani?