Mkurugenzi Aliyerudishwa Nje

Ndugu zangu, kulikuwa na sajini mmoja aliyekwenda nchi ya mbali kulinda amani, akakanyaga bomu la kutegwa, akarudi nyumbani bila miguu. Yeye na mkewe wakahifadhiwa na shemeji yake. Shemeji mwenyewe alikuwa mtu mwema kabisa. Lakini kitanda chao kilikuwa sebuleni, na sebule ni ya kila mtu. Wageni walipita, watoto walikalia kitanda wakitazama katuni. Miaka saba! Hakuna aliyempigia hodi, maana hodi hupigiwa mwenye mlango, na yeye mlango hakuwa nao.

Basi kampuni moja ya mabati ikasikia habari zake, ikamjengea nyumba. Nisiseme uongo, ilikuwa nyumba nzuri. Mbele hakuna ngazi, kuna mteremko laini wa zege. Milango mipana, kiti cha magurudumu kinapita bila kukwaruza. Swichi za taa zimeshushwa, sajini anazifikia akiwa amekaa. Waliojenga walimfikiria, na Mungu awabariki.

Siku ya kukabidhi, ufunguo ukatolewa, watu wakapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele. Sajini akaingia na mkewe. Hazijapita dakika tano, mkurugenzi wa kampuni huyo, kaingia moja kwa moja na wapiga picha nyuma yake. Akafungua jikoni. Akafungua chumbani, akabonyeza godoro. "Njooni mwone na huku!" anawaambia wageni.

Mnacheka? Ngojeni.

Sajini akasema kwa upole, "Mheshimiwa, samahani."

"Bila samahani, sajini wangu."

"Naomba urudi nje, upige hodi."

Mkewe akamnong'oneza, "Jamani mume wangu, usituaibishe. Si ndiye aliyetujengea?"

"Ndiyo maana namwomba. Kama nyumba ni yangu, apige hodi. Kama bado ni yake, nirudisheni kwa shemeji."

Ungekuwa wewe mkurugenzi ungefanyaje? Si ungenuna? Si ungesema, ama kweli watu hawana shukrani?

Yule mkurugenzi uso ulimshuka. Lakini alikuwa amelelewa vizuri. Akawatoa wapiga picha, akatoka na yeye, akaurudishia mlango, akasimama barazani.

"Hodi."

Kimya. Ndani sajini anasogeza kiti chake karibu na mlango; miaka saba hajapigiwa hodi, anataka kuisikia tena.

"Hodi wenyewe."

Kimya tena. Nanyi mnajua, hodi ni tatu. Ya tatu isipojibiwa, mtu anaondoka zake. Mkurugenzi akapaza sauti.

"Hodi jamani!"

"Karibu!" Sauti ilitoka mpaka majirani wakageuka. "Karibu ndani! Mke wangu, weka chai, tuna mgeni!" Machozi yanamtiririka, na huku anacheka. Mkurugenzi akavua viatu, akaketi pale alipoonyeshwa, akanywa vikombe viwili, akasema tangu azaliwe hajanywa chai tamu kama ile.

Sasa niambieni, wapendwa, nyumba ile ilikabidhiwa saa ngapi? Mimi nasema ilikabidhiwa kwenye hodi ya tatu.

Na sisi je? Umemlipia mpwa wako ada, kwa hiyo unapekua simu yake. Umemjengea mama jikoni, kwa hiyo unampangia nani aje kula. Tumetoa nyumba, mlango tumebaki nao! Na wewe unayejifanya kutazama dari, nasema nawe.

Bwana ndiye aliyeuumba moyo wako, kila chumba chake anakijua. Angeweza kuingia tu. Lakini asubuhi hii yuko nje, amesimama, anapiga hodi, anasubiri umwambie karibu.

Sasa wewe uliyetoa mabati, unaingiaje bila hodi?